Uzi Uliolegea

Uzi ulikuwa umepinda. Ndani ya darubini ya kupimia, pale uliposimama wima miaka yote, niliuona umelegea katikati kama kamba ya nguo mbichi. Nikajua vigingi nilivyopigilia asubuhi ile vilikuwa vya uongo.

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwanafunzi mkongwe wa darasa la jioni la upimaji ardhi pale Neiafu, mji wetu wa kisiwani. Mwalimu wetu, mzee Lisiate, alinikabidhi darubini yake ya shaba na mpaka mmoja: kati ya shamba la vanila la mama Seini, mjane, na la jirani yake Fifita. Nikiupima sawasawa, napata cheti.

Jumamosi tulinyeshewa. Niliifunga darubini sandukuni ikiwa na unyevu, nikaenda mazoezi ya kwaya, nikasahau. Nilipokumbuka ilikuwa Jumapili, na kwetu Jumapili mkono haugusi kazi. Nikasali, nikamwachia Mungu kazi ya kuikausha kwa kitambaa. Jumatatu nikapima kwa haraka, upande mmoja tu, ingawa mzee alitufundisha kuigeuza darubini na kusoma tena, ili kosa la upande huu lifutwe na la upande ule.

Vigingi vikaingia kwa mama Seini, vikala mistari miwili ya vanila. Hakugombana nami.

“Marehemu alipanda hadi hapa, mwanangu,” alisema. “Lakini labda kioo chako kinajua zaidi.”

Sasa ilikuwa alasiri, na kesho yake bikoni za zege, alama za kudumu za mpaka, zingesimikwa. Fifita alinikuta nimeinamia kile kioo. Nikamweleza ukweli. Akacheka kidogo.

“Si unyamaze tu, mpimaji? Zege likishakauka nani atauliza?”

Nilisali tena. Sikusikia kitu ila sauti ya yule mama. Nikaenda kwa mwalimu.

“Uliigeuza?” aliuliza.

“Sikuigeuza, mzee.”

“Basi cheti mwakani. Katafute buibui.”

Darubini za zamani hutiwa uzi wa buibui wa kulengea, na unyevu huulegeza. Hakuna mwingine mwembamba vile. Mama Seini ndiye aliyetupatia, kutoka nyuma ya kabati lake, akilalamika kwamba siku wageni wanapokuja kusifu nyumba yake, wanasifu uchafu. Mzee aliunyoosha uzi kwa pumzi na kibano, akaubandika kwa tone la vanishi.

Asubuhi, kabla ya watu wa zege, nilihitaji mtu wa kunishikia ufito wa kulengea mwisho wa mpaka. Fifita akaja bila kuitwa. Alisimama katikati ya ile mistari miwili ya vanila aliyokuwa anakaribia kuipoteza, na kioo kikamwonyesha kichwa chini miguu juu, kama kinavyoonyesha watu wote.

Ufito ulikuwa umeinama, kwa faida yake. Kidogo tu.

Sikumpungia mkono kumsahihisha. Nilingoja. Akatazama vanila, akatazama miguu yake iliyozama kwenye tope, kisha taratibu akausimamisha ufito wima.

Nikasoma. Nikaigeuza darubini, nikasoma tena.