Vidonge vya Asubuhi ya Kipimo

Ulipita mbele ya benchi la wagonjwa wa kifafa pale Tabora, ukageuza uso. Usibishe. Hukumwona Mwamvita, mke wa fundi bati, na binti yake Sikuzani. Basi leo utamsikia.

Mwamvita hakumtazama daktari. Jicho lake lilikuwa kwa Nyamizi, jirani aliyehamia mjini kutoka mashamba ya tumbaku ya Urambo. Watoto wao walimeza vidonge vilevile, ila Minza wa Nyamizi alikuwa haanguki tena. Damu yake ilipanda treni hadi Dar es Salaam, maabara wakapima dawa iliyomo, na majibu yaliporudi sista Apolinaria akatangaza mbele ya wote, "Safi, Mama Minza! Dawa imekaa sawasawa."

Wivu ukampanda Mwamvita. "Mkulima wa tumbaku ndiye asifiwe," alinong'ona, "mimi mtoto wa mjini nikae kama kinyago?"

Zamu ya Sikuzani ikafika.

"Siku ya kutoa damu asimeze dawa mpaka tumalize," sista alisema.

"Kwa nini?"

"We fuata tu. Maswali kamuulize mumeo."

Fuata tu! Mkoloni alisema hivyohivyo. Tulishusha bendera yake, kauli yake tukaiacha juu.

Mwamvita akaona ametegewa, mwanawe afeli kipimo. Asubuhi ya kutoa damu akasaga vidonge maradufu, akavikorogea kwenye uji.

Majibu yakarudi: dawa imezidi.

"Imezidi? Tumempita Minza!" Akatoka kwa maringo, wala hakujali daktari alipopunguza vidonge.

Haukupita muda, Sikuzani akaangukia jiko la vitumbua. Watu wakarudi nyuma, wakiogopa povu la kifafa lisiwaambukize. Aliyeruka kumvuta ni Nyamizi.

Wodini, mtoto akiwa amefungwa bandeji mkono mzima, Nyamizi akauliza polepole, "Mama Sikuzani, shoga yangu, asubuhi ile ya kipimo alimeza dawa?"

Mwamvita alitazama khanga ya mwenzake iliyoungua. Hata hapo wivu ulimchoma: mikono ile ilimfikia mwanawe kabla ya yake.

"Alimeza. Maradufu."

"Basi damu iliwadanganya kuwa dawa imezidi siku zote. Twende ukawaambie, warudishe vidonge, kabla hajaanguka tena."

Mwamvita aliinama, aibu imemgandisha kitandani pa mtoto.

Na wewe unayenisikiliza, uliyemdanganya daktari kama yeye ili mwanao asifiwe, umekaa unasubiri nini? Inuka sasa hivi, nenda hospitali, sema ulichompa na ulimpa lini. Kisha uliza kwa nini damu hupimwa kabla ya dawa, na usibanduke pale mpaka wakueleze.