Ganeti Iliyozaliwa Mara Mbili

Jana, baada ya chakula cha mchana, Dokta Tusekile Mwakyoma alilaza kichwa juu ya meza ya maabara mjini Dodoma, usingizi ukampitia. Mbele yake, kwenye kisahani, palikuwa na ganeti moja, kito chekundu, kubwa kama harage. Zilikuwa tano. Nne alikwisha kuziyeyusha katika asidi apate umri wa mwamba zilimokulia, na kila moja ikataja umri wake, zikipishana kwa mamilioni ya miaka. Wenzake wakasema mikono yake si safi, amezichafua sampuli. Saa nane ilikuwa zamu ya ile ya tano.

Akaota sakafu ya maabara inateremka. Haianguki, inateremka kwa adabu, kwa mwendo wa kucha inavyokua. Maji yanamfika kifuani, kisha utosini. Haoni ajabu.

"Tunakwenda wapi?" aliuliza.

"Chini ya bara," sakafu ikajibu. "Mimi ni sakafu ya bahari. Nikizeeka nakuwa mzito, nazama chini ya nchi kavu. Shika kiti."

Kilomita sitini chini palikuwa na ofisi ya kuandikisha vizazi, yenye dirisha moja. Karani alikuwa jiwe la kijani lenye miwani. Mbele ya Tusekile kwenye foleni ilikuwa imesimama ganeti yake, sasa kubwa kama mtungi.

"Ulizaliwa lini?" karani akauliza.

"Mara ipi?"

"Fomu ina mstari mmoja tu."

"Basi fomu yako ni mbovu. Kiini changu kiliota tukiwa tunashuka. Kisha nikakosa chakula, nikakaa vivyo hivyo mamilioni ya miaka. Joto lilipopanda ndipo nikaota ngozi hii ya juu."

"Tutajumlisha, tugawe kwa mbili," karani akasema, akachovya kalamu.

Tusekile alihisi uso unawaka kwa aibu. "Hivyo ndivyo nilivyowafanyia dada zako."

"Tunajua," ganeti ikasema. "Wote wanne wameandikiwa siku ambayo hakuzaliwa mtu."

"Nisamehe, bibi."

"Nimenye kwanza, mjukuu wangu. Kiini mbali, ngozi mbali. Kisha yeyusha."

"Hutaumia?"

"Nimebeba milima mgongoni. Msumeno wako utanitekenya tu."

Karani akafunga dirisha, akaenda kula. Sakafu ikaanza kupanda.

"Dokta, saa nane."

Alikuwa Chilongani, fundi wa maabara, amesimama na chupa ya asidi. Tusekile akainua kichwa.

"Irudishe hiyo, Mzee Chilongani. Niletee msumeno mwembamba. Leo tunamenya kwanza."

"Ndiyo ya mwisho, Dokta. Ikivunjika?"

"Lete tu, mzee wangu."

Wakakata taratibu, yeye macho kwenye darubini, Chilongani akiwa amebana pumzi. Ganeti ilipofunguka, Tusekile alisogeza lenzi karibu. Kati ya kiini na ngozi ulipita mstari, mwembamba kama uzi wa buibui, umezunguka kiini chote.

"Njoo uone," akasema. "Imezaliwa mara mbili. Mikono yangu ilikuwa safi, mzee."

Chilongani hakusogea. Alikuwa anatazama nywele za Tusekile, zilizokuwa zikidondosha maji shingoni. Akakinga tone moja kwa kidole, akalionja.

"Dokta," akasema polepole, "najua maji ya Dodoma yana chumvi. Lakini haya ni ya bahari."