Kiti cha Mwenzangu

Siku niliyopewa notisi, bweni zima lilinikimbia kana kwamba nina upele. Kina dada waliozoea kuniomba chumvi wakaanza kula bila chumvi. Hillary, mlinzi aliyeitwa kushuhudia nikipokea, alitia sahihi na kutoka mbio. Ndivyo tulivyo Wakenya wa Riyadh: ukifa tutachanga mpaka maiti ifike kwenu, lakini ukiwa hai na una kesi, kila mtu abebe msalaba wake.

Nilishtakiwa kuacha zamu ya usafi bila ruhusa, kwenye jengo letu pale Olaya. Kweli niliiacha. Stacy alikuwa ameanguka kifafa kwenye choo cha wafanyakazi, nikakaa naye sakafuni, nimempakata kichwa, mpaka akarudiwa na fahamu. Siri hiyo niliijua tangu tulipofanya kazi Jeddah, tukilala chumba kimoja kule Baghdadiyah. Kampuni ikijua, atarudishwa nyumbani, na ana watoto wawili wanaomtegemea. Mimi nami nilikuwa na notisi mbili za kuchelewa. Hii ya tatu ingenifukuzisha.

Bwana Kurian wa ofisi ya wafanyakazi ni mtu wa haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Nilikofanya kazi India," aliniambia, "hatukumfukuza mtu kabla ya kumsikiliza. Jumapili njoo ujitetee. Unaweza kuja na mwenzako mmoja."

Mwenzangu! Nilimfuata Stacy jikoni.

"Kuja tu ukae kando yangu. Si lazima useme kitu."

"Na wakiniuliza?"

"Sema ulikuwa na homa."

"Watanipeleka kwa daktari, Priscah, halafu iwe halas, kazi imekwisha. Please, usinitaje."

Akaendelea kusonga ugali bila kugeuka. Usiku huo tulikuwa wanane chumbani, na sijawahi kuwa peke yangu namna ile.

Jumapili nilikuta viti viwili mbele ya meza. Kimoja nilikalia, kingine nikakiwekea mkoba wangu, angalau kiwe na mtu. Bwana Kurian alitazama mlango.

"Tumngoje?"

"Hakuna wa kungojewa."

Akaniuliza nilikwenda wapi. Akaniuliza tena, polepole, akasema kama kuna mtu aliyenihitaji siku ile, nimtaje, maana hiyo ni sababu. Ulimi uliniwasha. Nilikuwa na hasira za kumtaja Stacy mara kumi.

"Nilienda kupunga upepo," nikasema.

"Priscah, huo si utetezi."

"Ndio nilio nao, bosi."

Baada ya sala ya adhuhuri akaniita tena. Barua ya kunifukuza ilikuwa mezani. Alisema utaratibu wote umefuatwa, na alisema kwa huruma, tena ya kweli. Kilichobaki ni mfanyakazi mmoja wa kushuhudia kwamba nimeipokea. Hillary hakuwa zamuni, kwa hiyo msimamizi alimtuma yeyote aliyekuwa karibu.

Mlango ukafunguka, akaingia Stacy.

Niliondoa mkoba kwenye kiti. Akakaa, bega lake likagusa langu, vilevile nilivyomwomba. Nikatia sahihi yangu, nikamsogezea kalamu. Mkono wake ulitetemeka sana hata nikaogopa ile hali inamrudia. Nikamshika kiwiko, nikamshikilia hivyo hivyo mpaka akamaliza kuandika jina lake.