Asali ya Ukumbi Mpya

Kufikia saa mbili asubuhi, Siku ya Chuo na Jamii, Yotham mhudumu alikuwa amehamisha kiti cha kaimu mkuu wa chuo mara tatu, na mara zote tatu asali ilihama nacho.

"Nimekisogeza mpaka dirishani, Madam," alisema. "Inadondokea hapo hapo. Cha mwenyekiti wa bodi kikavu kabisa."

Odeta, kaimu mkuu mwenyewe, aliangalia juu. Boriti za mninga zilikuwa mpya, zimepakwa vanishi, hazina ufa. Tone lilijikusanya chini ya boriti, likanenepa, likaanguka katikati ya kiti. Alichovya kidole akalionja. Asali nzuri, nyeusi kidogo, ya miombo.

"Tega sufuria," alisema. "Na utafute mwavuli. Wageni wanaingia saa nne."

Alikuwa amekaimu miezi kumi na minne. Leo bodi ingemthibitisha mbele ya wananchi, ikiwa shughuli ingekwisha salama. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Abdillah, muuza vipuri vya pikipiki pale Mpanda mjini, alimwambia jana kwenye simu bila kuzunguka: "Nataka watu wale, wacheke, waondoke. Akisimama mtu mmoja kulalamika, mama, barua yako inarudi mfukoni mwangu."

Mtu huyo mmoja wote wawili walimjua. Ni Malale, mfuga nyuki. Kiwanja cha ukumbi kilikuwa na miti kumi na tisa, na juu ya miti hiyo ilikaa mizinga ya magogo ya Malale. Kila mti na kila mzinga ulichongwa alama yake, mistari miwili na duara. Fomu ya chuo ya kusafisha kiwanja iliuliza: mizinga yenye nyuki ni mingapi? Odeta alikwenda mwenyewe, wakati wa kiangazi nyuki walipokuwa wamehama kufuata maua. Akagonga kila gogo kwa fimbo, akasikiliza, akaandika: hakuna. Akasaini. Miti ikaangushwa, ikapasuliwa, ikawa boriti.

Huku kila mtoto anajua kwamba mzinga mtupu una mwenyewe. Nyuki watarudi, alama haiendi popote. Odeta alizaliwa Inyonga, baba yake alirina asali. Alijua. Fomu haikuwa na mstari wa alama.

Saa nne ukumbi ulijaa. Malale alikuja kwa baiskeli, amevaa koti la suti lililopauka mabegani, akakaa safu ya mbele, penye karatasi iliyoandikwa JAMII. Hakusalimia meza kuu. Odeta alihutubia akiwa chini ya mwavuli alioshikiwa na Yotham. Asali iliteleza pembeni ikaingia kwenye sufuria, to, to, to.

"Madam, huko kwenu kunanyesha?" mama mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

"Kunanyesha," alijibu.

"Basi mtukinge na sisi!"

Watu wakacheka. Malale hakucheka. Alikuwa ameinua uso akiangalia boriti iliyo juu ya kiti cha Odeta. Pale, chini ya vanishi, mistari miwili na duara ilikuwa imetokeza, wazi kama iliyochongwa jana.

Hadi saa sita madumu mawili yalijaa asali. Jikoni wakaitia kwenye chupa, wakabandika nembo ya chuo. Lilikuwa wazo la Mzee Abdillah.

"Zawadi kwa jamii," alimnong'oneza. "Anza na yule. Akipokea, amenyamaza."

Odeta alishuka na chupa mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili. Malale alisimama, akafungua kifuniko, akaonja. Alifumba macho kidogo.

"Hii ni ya mti wa kisimani," alisema kwa sauti ya kawaida. "Mzinga wa marehemu baba. Wewe uliugonga, mama. Nilikuwa kichakani, nilikuona."

Walio karibu walisikia. Wa nyuma walinyoosha shingo. "Anasemaje? Mpe spika!"

Kipaza sauti kilikuwa shubiri moja tu kutoka mdomoni kwa Malale. Odeta alikirudisha kwake.

"Anasema ni tamu," alitangaza.

Makofi yalipigwa. Mzee Abdillah alitoa barua mfukoni. Malale aliifunga chupa, akaikumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wake na wageni, akatoka kuifuata baiskeli yake.

Jumatatu Yotham alifunga mfereji wa bati juu ya kiti cha mkuu wa chuo, ukaelekezwa jikoni. Mchana ikaletwa fomu ya bweni jipya, kiwanja cha upande wa pili wa barabara. Odeta hakwenda kukikagua; aliijaza palepale kitini. Alivuta karatasi mbali na ukingo wa mfereji isichafuke, akafika kwenye mstari wa mizinga, akaandika: hakuna.