Dakika Tisa za Saa Nane

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Mvuke alimkabidhi wifi yake mashine ya pasi namba tatu kila siku ya kazi, saa nane kamili mchana, na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kukabidhiana kimyakimya.

Kiwanda chao kilifua mashuka ya hospitali na ya hoteli. Mashine ile ilikuwa na rola tatu nene kama mapipa, zenye moto ndani. Shuka liliingia bichi upande huu, likatoka limenyooka upande ule. Mama Mvuke, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwona nje ya wingu la mvuke, alishika zamu ya asubuhi. Wifi, dada mdogo wa mumewe, alishika ya mchana. King'ora kikilia, wifi alikuwa anafika huku anafunga kitambaa kichwani, na mdomo wake umeshatangulia.

"Haya, umeniachia mashine au umeniachia jivu?"

"Mashine. Jivu utalitengeneza mwenyewe, ndiyo fani yako."

"Kaka yangu hajambo? Au umemnyoosha naye?"

"Yule hanyooki. Nilitaka kumrudisha, mkafunga mlango."

Katikati ya utani huo ndimo zilimopita habari za kazi: kwamba valvu ya kulia inavuja, kwamba rola ya pili leo ina kiburi. Kisha homa ya mtoto, kisha valvu tena, kisha Mama Mvuke anachukua mkoba wake na kuondoka.

Ndipo kampuni ikamleta mtaalamu wa ufanisi. Alikuwa mtu mpole, mwenye saa ya kupimia shingoni, na wafanyakazi wakamwita Bwana Dakika. Alisimama kando ya mashine wiki mbili akiandika. Aligundua kwamba kila saa nane watu wawili hukaa kwenye mashine moja kwa dakika tisa, na mashine imesimama. Alizidisha kwa mashine nane na kwa siku zote za mwaka, akapata namba iliyowatisha wakubwa.

Mwezi uliofuata zamu ya asubuhi ilianza kutokea mlango wa nyuma wakati ile ya mchana ikiingia kwa mlango wa mbele. Kati yao ilibaki fomu yenye visanduku kumi na viwili vya kutia alama ya vyema. Hakuna aliyegomba. Mama Mvuke mwenyewe alikiri moyoni kwamba mpango ulikuwa nadhifu. Ila yeye na wifi walikaa pande mbili za mji, na siku ya mapumziko kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya kuangalia. Sasa ndipo walipojua kwamba zile dakika tisa ndizo pekee walizokuwa nazo.

Kisha mashuka yakaanza kuungua. Hayakuungua sana, yalipata tu madoa ya kahawia yenye upana wa kiganja, lakini shuka la hospitali lenye doa halirudi hospitali. Idadi iliandikwa ubaoni kila Jumamosi, na namba tatu iliongoza. Chini ya ubao likabandikwa tangazo: mashine itakayoongoza mwisho wa mwezi, wahudumu wake wote wawili watahamishiwa chumba cha kuchambua nguo chafu.

"Mwambie mkeo aache kunitegea," wifi alimwambia kaka yake kwa simu.

"Mwambie dada yako ajifunze kusoma kipimo cha joto," Mama Mvuke alijibu, kwa njia hiyo hiyo.

Baada ya siku tano mume alichoka. "Mimi si posta," alisema. "Ongeeni wenyewe."

Mama Mvuke alinunua daftari. Kila shuka lilipopita kwenye rola lilibandikwa kikaratasi chenye saa, na yaliyoungua yalilala kwenye pipa hadi asubuhi. Alianza kufika nusu saa mapema, akanakili saa hizo moja moja, bila kumwambia mtu. Baada ya wiki tatu alipiga mistari kwa rula na kujumlisha. Mashuka thelathini na moja yalikuwa yameungua, na ishirini na saba kati yake yaliungua kati ya saa nane na saa nane na nusu mchana.

Hiyo ilikuwa zamu ya wifi.

Alikaa na daftari lile mapajani kwa muda mrefu. Angelipeleka ofisini, pengine yeye angebaki na wifi angekwenda kwenye nguo chafu, na hakuna ambaye angesema amemsingizia. Lakini wifi alikuwa ameshika rola zile miaka kumi na mmoja. Mtu hasahau kazi kwa mwezi mmoja.

Akaenda ofisini. Bwana Dakika alisoma taratibu, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Basi ni zamu ya mchana. Umefanya kazi nzuri sana, mama."

"Hujamaliza kuhesabu, baba. Nitolee na hesabu ya mwezi wa kabla hujaja."

Akatoa jalada. Nusu saa ile ile, mhudumu yule yule: shuka moja, mwezi mzima. Bwana Dakika alirudia kuhesabu, mara mbili.

"Kilichobadilika ni nini?"

"Mlango," alisema Mama Mvuke. "Zamani tulikuwa tunaonana."

Alimweleza. Mashuka ya hoteli ni mazito, yanataka moto mkali. Ukiyamaliza, kipimo kinashuka upesi, lakini rola zenyewe hukaa na joto robo saa nzima. Anayekuja bila kujua yaliyotangulia, akiingiza mashuka mepesi ya hospitali, yanaungua.

"Nitaongeza kisanduku kwenye fomu," alisema Bwana Dakika.

"Ongeza. Na kesho tatizo likiwa valvu? Na keshokutwa kitambaa cha rola kikijikunja? Fomu inauliza unachokijua wewe, baba. Wifi yangu huniuliza ninachosahau kusema." Akafunga daftari. "Nipe wiki moja, namba tatu peke yake. Simama upime mwenyewe."

Bwana Dakika aliangalia safu ya ishirini na saba. Alikuwa mtu wa kutii namba, hata zinapomgeukia, na kwa hilo Mama Mvuke alimheshimu.

"Nitapima," alisema.

Jumatatu saa nane wifi aliingia uso umevimba.

"Nasikia umenifungulia daftari."

"Nimelifungua. Humo sikukuta wewe wala mimi."

"Nani, basi?"

"Rola. Mazito ya hoteli ndiyo yametoka sasa hivi. Anza na mataulo, mashuka mepesi yasubiri mpaka saa nane na robo."

Wifi aligeuka taratibu. "Mazito? Fomu yako kila siku inasema joto liko sawa!"

"Lilikuwa sawa. Kwa mazito."

Wifi alimtazama, akatazama rola, mabega yakaanza kumtikisika. "Mwezi mzima nimekutukana, wifi, na kaka yangu anakula simu zangu usiku na mchana!"

"Na mimi nilikutukana. Tena matusi yangu yalikuwa mazuri zaidi."

Walicheka mpaka Bwana Dakika akasahau kubonyeza saa yake.

Jumamosi aliandika ubaoni kwa mkono wake mwenyewe. Mashine nyingine saba, jumla kumi na tisa. Namba tatu, sifuri. Watu walipiga mapipa kama ngoma. Mhudumu wa namba tano alikwenda kulibandua lile tangazo, na hakuna aliyemzuia.

Kanuni mpya ilitoka wiki iliyofuata, na muhuri juu yake: *Hatua ya kwanza: wahudumu wasalimiane. Muda: dakika tisa.*

"Kumbe sasa nisipokusalimia ni utovu wa nidhamu!" alipiga kelele wa namba tano.

"Na ukinisalimia kwa dakika nane, uandike barua ya kujieleza!" alijibu mwenzake.

Saa nane milango yote miwili ilifunguliwa. Zamu ya mchana iliingia kabla ile ya asubuhi haijatoka, na kwenye mashine zote nane watu walisimama wawili wawili, wakiulizana habari za valvu na za watoto kwa pumzi moja. Bwana Dakika alipita katikati yao, akasalimiwa kila alipofika, na kila salamu akaiitikia.

Wifi alimsukuma Mama Mvuke kwa nyonga. "Haya toka, mashine yangu hii."

"Yako mpaka usiku. Asubuhi yangu."

"Asubuhi yako," alikubali wifi, akaingiza shuka la kwanza.