Viatu vya Chuma vya Cutler Bend

Kamati ya Bunge ya Magereza na Parole ilikutana katika chumba cha chini cha jengo la bunge la jimbo, kile chenye bomba linalogonga ukutani kila mtu wa ghorofa ya juu akivuta maji chooni. Wajumbe walikuwa wameshakula. Mwenyekiti, Seneta Harlan Beasley, alikuwa akibangua njugu za pekani na kurundika maganda juu ya karatasi ya ajenda. Ajenda ya kwanza ilikuwa ukarabati wa jiko la gereza la wanawake. Ya pili ilikuwa wafungwa wanaopaa.

Mkurugenzi wa magereza, Royce Pickard, alieleza kwamba hali hiyo ilianza mwezi Aprili katika gereza la Cutler Bend, na kwamba inawapata wafungwa wa aina moja tu: wale ambao bodi ya parole imeshawakubalia kutoka lakini bado wamo ndani. Mtu anapata barua yake, anafurahi, anawapigia simu ndugu zake. Muda si mrefu visigino vyake vinaacha kugusa sakafu, na baada ya hapo ni juu tu. Daktari amewapima presha na sukari, hawana tatizo. Wenye vifungo vya maisha hajapaa hata mmoja.

"Mnawazuiaje?" Beasley aliuliza.

"Wakati wa kula tunawafunga mikanda kwenye mabenchi, mheshimiwa. Kulala wanalala darini."

"Na uwanjani?"

"Uwanjani tulimpoteza mmoja."

Huyo mmoja aliitwa Purvis Oakley. Alivuka uzio mchana kweupe huku akipunga mkono, na walinzi wakashindwa kukubaliana kama kanuni zinaruhusu kumpiga risasi mtu asiyekimbia. Upepo ulimfikisha kwenye tangi la maji la mji wa jirani, akanasa kwenye ngazi yake. Alishtakiwa kwa kutoroka, na parole yake ikafutwa kwa simu. Ilipofutwa tu, uzito ulimrudia, akaanguka na kuvunjika mtulinga.

"Pole yake," alisema mjumbe mmoja.

"Sasa anatembea kama kawaida," alisema Pickard.

Ukafika wakati wa wananchi kusema, na aliyesimama alikuwa mmoja tu. Lavonia Tribble alikuwa dereva wa basi la shule. Siku ile aliomba ruhusa kazini, akaendesha gari asubuhi nzima kutoka upande wa mashamba ya pamba. Alivaa gauni la zambarau. Alisogeza kipaza sauti karibu, kikapiga mluzi, akakirudisha nyuma.

"Mdogo wangu Alton yuko Cutler Bend," alisema. "Bodi imemkubalia. Lakini wanasema lazima kwanza amalize mafunzo ya kurudi uraiani, na mafunzo hayana mwalimu. Yule wa mwisho aliacha akaenda kuuza nyumba. Sasa Alton anaelea. Mama yetu figo zimekufa, anasafishwa damu, na anataka kumwona mwanawe amekaa jikoni. Si anaelea. Amekaa. Basi, ni hilo tu."

"Asante, dada," Beasley alisema. "Umesema vizuri na kwa ufupi."

Joyce Nettleton, mjumbe wa upande wa kaskazini aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya kuingia bungeni, aliwasha kipaza sauti chake.

"Mkurugenzi, hela za mwalimu tulizipitisha mwaka jana. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono. Ziko wapi?"

"Fungu lile lipo, mheshimiwa. Tumelihamishia kwenye mikanda."

"Mikanda gani?"

"Ya kuwafungia."

Nettleton alivua miwani. "Yaani wanapaa kwa sababu hawana mwalimu, na hela ya mwalimu imenunua mikanda ya kuwazuia wasipae."

"Ndivyo hasa, mheshimiwa," alisema Pickard, akionekana kufurahi kwamba ameeleweka.

Bomba liligonga. Beasley alipendekeza kamati ikajionee yenyewe, na pendekezo likapita.

Walikwenda Oktoba, kwa basi dogo la serikali. Gerezani waliandaliwa kuku wa kukaanga, maharage na mkate wa mahindi, kisha wakatembezwa. Darasa la mafunzo lilikuwa na viti vyake vyote. Ubaoni yalikuwa yamebaki maneno ya kipindi cha mwisho: Namna ya kumsalimia mwajiri. Viti vilikuwa vitupu kwa sababu wanafunzi walikuwa darini, wamelala chali hewani, matumbo yamegusa plasta. Waliletwa humo kila asubuhi, kwa kuwa kanuni ilisema anayekosa darasa anapoteza nafasi yake, na kanuni haikusema chochote kuhusu mwalimu.

Beasley aliinua uso, akauliza kama dari ni imara. Aliambiwa ni imara. Akapiga picha.

Nettleton alisimama chini ya mtu mmoja mrefu, mwenye mvi masharubuni. "Wewe ndiye Tribble?"

"Ndiye mimi, mama. Samahani, siwezi kushuka."

"Dada yako alikuja kwetu."

"Alivaa gauni la zambarau?"

"Nadhani ndiyo."

"Basi mlipona, mama. Akivaa lile hata nyumbani tunakimbia." Wenzake pale juu walicheka kidogo, na kucheka kukawasukumasukuma kama maboya.

"Huko juu kukoje?"

"Joto. Joto lote la jengo linakuja huku."

"Na wewe mwenyewe unajisikiaje?"

Alton alifikiri. "Sijisikii kitu, mama. Mwanzoni nilikuwa najisikia. Nilikuwa naamka na furaha, kisha hasira, kisha furaha tena. Siku hizi ni kama mguu ulioukalia muda mrefu. Unajua ni wako, lakini ukiugusa hausemi."

Nettleton alisema atalifuatilia. Alton alimshukuru. Mlinzi mmoja, kijana mnene aliyeitwa Dewey, aliwaonyesha wajumbe kiatu cha majaribio, cha ngozi nene chenye soli ya chuma. Mfungwa mmoja alivutwa chini kwa kamba, akavalishwa, akasimama sakafuni. Aliambiwa atembee. Alitembea mpaka ukutani na kurudi, akipiga kishindo kila hatua, na wajumbe wakapiga makofi.

Januari kamati ilikutana kupiga kura. Mezani kulikuwa na maombi ya fedha za viatu vya chuma kwa kila aliyekubaliwa parole, na wavu wa kufunika uwanja wa Cutler Bend. Pickard alisema nafasi ya mwalimu ilitangazwa tena, na walioomba walikuwa wawili. Mmoja aliposikia mshahara alirudi kwenye kituo cha mafuta alikokuwa akifanya kazi. Wa pili yeye mwenyewe alikuwa kwenye parole, na sheria haimruhusu kuingia gerezani.

"Basi tumefanya letu," alisema Beasley. "Kazi tumetangaza. Watu hawaitaki. Mnataka tufanyeje, tumteke mwalimu njiani?"

Wajumbe walicheka. Mtu mmoja aliuliza kwa nini bodi ya parole isilifute tu lile sharti la mafunzo. Katibu wa bodi alijibu kwamba kazi ya bodi ni kuruhusu. Sharti ni la idara. Idara ikasema sharti ni la sheria, na sheria, Beasley aliwakumbusha, ilitungwa na kamati hii wakati wa mwenyekiti aliyepita, Mungu amrehemu, tena ilikuwa sheria nzuri.

Zabuni ya viatu ilikuwa imechukuliwa na karakana moja ya kaskazini, iliyowahi kutengeneza vipuri vya matrekta kabla ya kufungwa. Nettleton alisoma jina la mji wa karakana hiyo kwenye karatasi, na kwa muda mrefu hakufungua ukurasa mwingine. Kura ilipoitishwa alinyoosha mkono pamoja na wenzake. Hakuna aliyepinga.

Alimkuta Lavonia kwenye korido, karibu na mashine ya soda, akivaa koti.

"Dada Tribble," alisema. "Watu wangu hawajapata kazi tangu karakana ile ifungwe. Kuna familia zinakula kanisani."

"Sijasema kitu," alisema Lavonia.

"Najua hujasema."

"Basi na wewe usiseme, mama."

Lavonia alifunga vifungo vya koti mpaka cha shingoni, akaenda kutafuta gari lake.

Mama yao, Ernestine, alifariki Machi, akiwa kwenye kiti cha kusafishia damu, televisheni ikionyesha mchezo wa kubahatisha bei. Wiki hizo za mwisho alikuwa haulizi tena Alton anakuja lini. Alikuwa akiuliza kama huko aliko kuna dari, na Lavonia alipomjibu kwamba lipo, alisema, "Hewala."

Idara ilimruhusu Alton kuhudhuria mazishi, chini ya ulinzi. Aliletwa na Dewey kwa gari la gereza. Aliingia kanisani na viatu vyake vipya, na sakafu ya mbao ilisikika mpaka nje. Akina mama wa kwaya walisogea kumpisha. Shangazi mmoja alimshika mashavu, akamwambia amekonda.

"Nimekonda mpaka napaa, shangazi," Alton alisema, na shangazi akampiga kikofi begani kama zamani.

Makaburini mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Udongo ulikuwa tope tupu. Hatua za kwanza tu viatu vilizama mpaka vifundoni, na kadiri alivyojitahidi kuvitoa ndivyo vilivyozidi kuzama. Watu walingoja na jeneza mabegani. Mwishowe Dewey alimfunga kamba kiunoni, akapiga magoti topeni, akamfungua viatu. Alton alipanda taratibu mpaka usawa wa ncha za miavuli, na hapo Dewey akamzuia.

Mchungaji aliendelea kusoma. Alton aliimba na wenzake kutoka juu, na sauti yake ya besi, ambayo kwaya ilikuwa imeikosa kwa miaka mingi, ilishuka juu ya watu pamoja na manyunyu. Alidondosha konzi ya udongo aliyopewa. Mwingine ulipeperushwa ukaangukia kofia za watu, wakaupangusa.

Watu walipoanza kutawanyika kuelekea kwenye chakula, simu ya Dewey iliita. Alitazama namba, akamtafuta mtu wa karibu.

"Nishikie kidogo, mama. Ni bosi." Akampa Lavonia kamba, akaenda kuzungumzia chini ya mti.

Lavonia hakuwahi kuishika kabla. Alidhani itakuwa inavuta sana. Ilikuwa ikivuta kidogo tu, mfululizo, kama mtoto anayekuvuta sketi dukani akitaka mwende nyumbani.

"Unaona nini huko?" aliuliza.

"Kwa mama. Paa lote naliona. Bati la upande wa jikoni limeliwa na kutu, dada."

"Najua. Linavuja."

"Nani atalitengeneza?"

"Sijui, Alton."

Upepo ulipita, na kamba ikaelekea upande wa barabara, upande wa nyumba. Zaidi ya pale yalikuwa mashamba, kisha mto, kisha jimbo jingine lenye kamati zake. Dewey alikuwa amewapa mgongo, akijibu "ndiyo, bosi." Lavonia alitazama mkono wake. Kamba ilikuwa imesogea kiganjani kidogo, na vidole vilikuwa vimeiacha isogee.

"Dada."

"Niko hapa."

"Umelegeza."

"Mkono umechoka."

"Usiniachie. Wakipiga simu wakaifuta ile barua, sijui nitakuwa juu ya kitu gani."

Lavonia alijaribu kupima kama moyo wake unasema lolote. Haukusema. Alizungusha kamba mara mbili kwenye kifundo cha mkono, akashika kwa mikono miwili, wakakaa hivyo, yeye chini na mdogo wake juu, wakitazama vibarua wakijaza kaburi.

"Hivi yule mchungaji mpya alikuwa anaimba nini?" Alton aliuliza. "Mbuzi huyu."

"Mwache. Ana watoto wadogo."

Dewey alirudi, akamshukuru, akachukua kamba. Walimvuta Alton pamoja, wakamkalisha kwenye mlango wa gari la gereza, na Lavonia ndiye aliyemfunga viatu, kwa sababu Dewey alikuwa na tope mikononi. Aliikaza mishipi ya viatu. Alton alisema imekaza mno. Aliilegeza kidogo, akaifunga tena. Gari lilipoondoka alikwenda ukumbini, akapewa sahani ya kambare na kabichi, akala yote.

Mwezi Juni kamati ilitoa taarifa yake ya mwaka. Ilisema kwamba tatizo la Cutler Bend limedhibitiwa, kwamba wafungwa wote sasa wako ardhini saa za kazi, na kwamba mafunzo ya kurudi uraiani yanaendelea kutengewa fedha. Seneta Beasley alichaguliwa tena kuwa mwenyekiti.

Lavonia aliendelea kwenda kumwona mdogo wake Jumapili baada ya ibada. Katika chumba cha wageni viatu vilikatazwa kwa sababu vilikuwa vikipasua vigae, kwa hiyo kila ndugu alimshika wa kwake mwenyewe. Alimshika Alton kwa mkono wa shati huku Alton akila chipsi za mashine na kumuuliza habari za bati la jikoni. Alimwambia bado. Kwenye meza nyingine wake waliwashika waume zao, na msichana mmoja alikuwa amempakata baba yake ili asipande.

Kengele ililia. Dewey alisema muda umekwisha, jamani. Lavonia alimkung'uta mdogo wake chembe za chipsi masharubuni, akamwachia. Humo ndani halikuwa kosa. Alton alipanda bila haraka, akageuka chali alipofika darini, na wenzake wakasogea kumpa nafasi.