Weupe wa Kanzu ya Twalibu

Yahaya alikuwa mpiga picha pale Tabora, karibu na stesheni, na kwa ufundi hakuna aliyembishia. Kwa majivuno ndiyo kabisa. Mwaka ule wa themanini, sabuni ilipokuwa ya foleni na sukari unaiona kwa bahati, yeye akapata boksi zima la karatasi za picha za rangi, aliloletewa na Kasimiri, mfanyakazi wa treni ya Kigoma. Basi hakukaliki mtaani! Kila aliyepita mlangoni aliambiwa kwamba watu wa Tabora watajiona sasa kama Mungu alivyowaumba.

Picha ya kwanza akataka iwe ya kaka yake, Twalibu, seremala wa Ng'ambo. Huyo ndiye aliyemlea Yahaya baada ya baba yao kufariki, na ndiye aliyeuza randa na misumeno yake ili Yahaya apate kamera. Twalibu alikuja siku ya Ijumaa, ametoka msikitini, na kanzu yake mwilini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Fanya haraka, mdogo wangu. Siku hizi mwili hauna nguvu, unaniwasha usiku kucha, na chakula sikitamani. Mwanahawa anasema macho yangu yameingia njano. Jumatatu nitakwenda hospitali."

"Njano!" Yahaya alicheka. "Shemeji anakutazama kwa kibatari, kaka. Kwa kibatari hata maziwa ni ya njano."

Akamweka uani, juani, akapiga. Na hapo ndipo ninapomlaumu, wallahi. Alimtazama kaka yake kwa tundu la kamera tu, anatafuta kivuli kimekaa wapi. Uso wa mtu hakuuangalia.

Sasa filamu ya rangi, kwa asiyeijua, hutoa kila kitu kinyume. Cheupe huonekana cheusi, chekundu huwa cha kijani, na juu ya yote kuna rangi ya chungwa imetanda. Ili kuirudisha sawasawa, fundi huweka vioo vya rangi kwenye taa ya kusafishia picha, na hata hapo kazi ni ya kinyume: picha ikizidi njano, unaongeza kioo cha njano. Utajuaje umefika? Unatafuta pichani kitu kimoja ambacho rangi yake unaijua kwa yakini. Hicho kikikaa sawa, vingine vyote vinafuata.

Picha ya kwanza ilitoka na kanzu nyeupe pe pe pe. Macho yalikuwa ya njano.

Yahaya akaishika, akawaza. Kanzu ya Tabora, alijiambia, haiwi nyeupe hivi. Wanawake wetu wote wanasuuza kanzu kwa bluu, ile ya dukani ya kung'arishia nguo nyeupe, na shemeji Mwanahawa ndiye bingwa wao, kanzu za mumewe hutambulika toka mbali. Kanzu yenye bluu ikionekana nyeupe tupu, basi njano imezidi pichani, imeimeza bluu. Na macho yenyewe si ushahidi? Akafurahi kwa akili yake. Akaongeza kioo cha njano, akaongeza tena, mpaka macho ya Twalibu yakawa meupe kama ya mtoto na kanzu ikapata ubluu kidogo. Ile ya kwanza akaitupa kwenye boksi la makosa.

Jumapili alikwenda Ng'ambo na picha yake ndani ya bahasha.

"Haya, shemeji, njoo uone," alisema. "Njano iko wapi? Watu hudanganya, macho yako yanadanganya, picha haidanganyi."

Mwanahawa aliitazama picha, akamtazama mumewe. "Mimi ninachokiona nakiona, shemeji."

"Unakiona kwa kibatari!"

Twalibu alicheka, akasema kumbe ni uchovu tu, na pale hospitali foleni ni ya siku nzima. Jumatatu akaenda karakanani kumalizia kabati la watu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Sawa, lakini Twalibu wa watu hakuficha kitu. Alifichiwa.

Wiki ya sita alianguka juu ya mbao. Daktari alimfunua kope mara moja tu. "Njia ya nyongo imeziba, na ini limeharibika. Mngemleta mwezi uliopita, angepasuliwa." Siku ya nne wakamzika.

Arobaini ilipopita, Mwanahawa alizitoa nguo za marehemu zigawiwe sadaka, kama ilivyo desturi. Kanzu ya Ijumaa aliileta mwenyewe studio, imekunjwa. Akaitandaza mezani, mlango ukiwa wazi na jua linaingia. Ilikuwa nyeupe pe.

"Nataka kukuuliza kitu, shemeji. Ile picha uliyotuletea, kanzu hii mbona ina ubluu?"

"Si bluu yako ya kusuuzia?" Yahaya alisema.

"Bluu ya wapi? Tangu mwaka jana duka la ushirika halijaiona. Hata sabuni sikuwa nayo, nilifulia majani ya mpapai."

Yahaya alilivuta boksi la makosa, akafukua, akaitoa picha ya kwanza, akaiweka kando ya kanzu. Weupe ulikuwa mmoja. Na juu ya weupe ule, kaka yake alikuwa anamtazama kwa macho ya njano, njano ya binzari, ya kuonwa na kipofu.

"Kumbe ulimwona," Mwanahawa alisema.

"Nilidhani ni kosa la picha."

"Ulimwona kabla ya Jumatatu, ukamfuta."

Yahaya alikaa chini sakafuni, mtu mzima, akalia kwa sauti. Mwanahawa hakumnyamazisha. Aliichukua ile picha ya macho ya njano, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kanzu akamsukumia.

"Hii sadaka yako wewe," alisema. "Uivae kila Ijumaa, shemeji. Na usiitie bluu."